Kanda Hii Umepewa na Nani?

Baada ya swala ya alasiri mabaraza ya Kibokoni huanza kujaa. Muuza kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe mkononi, na wazee wa Mji wa Kale huketi kila mmoja mahali pake pa siku zote. Hapo Mombasa ndipo nilipoanzia safari ya kuteremka pwani hadi Unguja, kwa kupitia Tanga na Dar es Salaam. Shughuli yangu ilikuwa moja: kuwauliza wapenzi wa muziki wanasikiliza albamu gani siku hizi, kisha kukaa na kuisikiliza pamoja nao. Sikutafuta wimbo wanaoupenda kupita zote, wala jina la mwimbaji bora. Nilitaka kujua kinacholia nyumbani mwao wiki hii, wakati wanapika, wanashona, au wanangoja usingizi.

Nami nilikuwa na changu cha kutoa, maana si adabu kumwomba mtu sauti za nyumbani kwake ukiwa mikono mitupu. Nilibeba Malako ya Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi huko Kongo, aliyefika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Orchestra Virunga mwaka 1981. Albamu hiyo nimekuwa nikiipiga asubuhi na jioni kwa sababu ya namna magita yanavyopokezana na saksofoni. Kila chombo kinangoja zamu yake, na zamu ikifika hakichelewi.

Mzee wa kwanza niliyemsalimu barazani alikuwa fundi cherehani aliyestaafu. "Kaa kitako kwanza, mwanangu," akaniambia. "Muziki hausikizwi kwa miguu." Akaniagizia kahawa tungu, akaingia ndani, akatoka na redio kaseti na kanda ambayo maandishi ya jalada lake yalikuwa yamefifia. Ilikuwa sauti ya Zein l'Abdin, bwana wa udi kutoka Lamu aliyeishi na kuimba Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, mtu aliyeshirikiana kwa miaka mingi na malenga Ahmed Sheikh Nabhany. Kanda yenyewe ilirekodiwa arusini. Mzee alikuwa pia na diski ya Mtindo wa Mombasa, albamu ya Zein iliyotolewa London na lebo ya GlobeStyle mwaka 1990. Akanichezea kidogo ya diski, kisha kidogo ya kanda.

"Hii ya Ulaya ni safi," alisema. "Kila uzi wa udi wausikia. Lakini sikiza hini ya arusi."

Nikasikiliza. Vigelegele vilipanda ghafla na kuufunika udi. Viti vilikwaruza sakafu. Zein akaimba ubeti, akaurudia, akaurudia tena, na kila mara sauti za kina mama zikazidi kusogea karibu na kipaza sauti. Mzee akanieleza: hapo kuna mtu ameinuka kwenda kutunza, naye mwimbaji hawezi kuuacha ubeti uliomgusa mtu mpaka yule mtu arudi kwenye kiti chake. Kwenye diski ubeti huohuo umeimbwa na ukaisha. Kwenye kanda urefu wa wimbo umeamuliwa na waliokuwa ukumbini.

Nilipomuuliza kanda hiyo aliipata wapi, hakutaja duka. "Nilipawa na binamu yangu. Yeye ndiye aliyeweka redio karibu na spika usiku ule." Mwenzake aliyeketi kando naye akaanza kuhesabu zake: hii ya Juma Bhalo alipewa na shemeji, ile alinakiliwa na jirani aliyehamia Maskati. Mombasa ilikuwa na biashara kubwa ya kanda, na jina la Mbwana Radio Service, duka lililojulikana kwa kurekodi na kuuza taarabu, bado lilitajwa barazani kwa heshima. Hata hivyo, kanda ikishatoka dukani ilianza maisha mengine. Ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa, na arusi ya mtaa mmoja ikasikika katika vyumba vya wafanyakazi wa Ghuba ambao hawakumjua bwana wala bibi arusi.

Jioni ile, mama anayeuza mahamri karibu na nyumba niliyofikia aliniambia kwamba yeye siku hizi ni Jino la Pembe tu, albamu ya Zuhura Swaleh ya mwaka 1992. Anaipendea tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vidude vya kubonyeza, asili yake Japani, ambacho Mombasa imekifanya chake hata taarabu ya hapa ikatambulikana kwa mlio huo. "Ikianza tashkota najua unga umeshaumuka," alisema. Nilimwachia Malako kwenye simu ya mwanawe. Asubuhi akanipa majibu: "Huyo mpiga saksofoni amelelewa vizuri."

Nilivuka kwa feri ya Likoni nikapanda gari la kusini: Ukunda, Msambweni, kisha mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Wanamuziki wameipita njia hii miaka mingi, na wengine walizunguka mbali zaidi. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianzia Tanga, wakapita Arusha, wakafika Kenya mwaka 1971 na kuijenga Simba Wanyika, bendi iliyozaa Wanyika wengine wote tunaowajua. Ukiwa ndani ya gari, huku minazi ikipishana na mashamba ya mkonge, unaelewa kwa nini nyimbo hizi hazikuwahi kuuliza pasipoti.

Tanga nilifikia Ngamiani, mitaa inayoitwa kwa namba, ambako ukiuliza njia unaambiwa nenda barabara ya kumi na moja, geuka, uliza tena. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mama mmoja wa makamo anayejulikana mtaani kwa kupenda muziki. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, pita ndani." Chai ya mkandaa ilikuwa tayari mezani, na pembeni yake kanda moja ndani ya mfuko wa nailoni.

Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeitengeneza. Alikuwa akikaa mbele ya redio jioni, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akisubiri Radio Tanzania Dar es Salaam ipige anachokitaka. Kwa hiyo nyimbo nyingi za kanda hiyo zinaanza na nusu ya neno la mtangazaji. Upande wa kwanza ni Black Star Musical Club, kundi la Tanga lililoingiza gita la umeme na besi katika taarabu na kubadili mwendo wake pwani nzima, huku sauti ya Shakila Saidi ikitangulia. Upande wa pili ni dansi: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mji huohuo. Mama aliniambia mumewe alizipanga kwa makusudi. Taarabu ilikuja kwanza kwa sababu ya utulivu wa baada ya chakula. Dansi ilifuata, ili atakayekuwa anaosha vyombo asichoke.

Nilikuwa na Nyota kwenye simu, albamu iliyokusanya nyimbo za Black Star na wenzao wa Lucky Star, iliyotolewa London mwaka 1989. Nikampa. Akaisikiliza kwa furaha, akawasifu waliorekodi kwa usafi wao, lakini baada ya wimbo wa tatu akatikisa kichwa. "Nyimbo ni zenyewe. Mpangilio si wa nyumbani kwangu."

Maneno hayo yalinifungua macho kuliko yote niliyoyasikia njiani. Tunapozungumzia albamu, kwa kawaida tunafikiria msanii aliyeingia studio akatoka na nyimbo kumi zenye mpangilio wake. Muziki wetu mwingi wa zamani haukuzaliwa hivyo. Ulitoka kwa santuri ndogo, wimbo mmoja kwa sahani moja. Wimbo wa dansi haukutosha upande mmoja, ukagawanywa: mashairi upande A, na lile chemko la magita linaloinua ukumbi upande B. Au ulitoka redioni, wimbo mmoja leo, mwingine kesho. Aliyeziunganisha zikawa kitu kimoja, zikapata mwanzo na mwisho, ni msikilizaji aliyekaa na redio yake. Albamu yetu ilitungwa sebuleni. Kwa hiyo, ukimuuliza mtu wa pwani anasikiliza nini siku hizi, unamuuliza pia yeye ametunga nini, na kwa ajili ya nani.

Dar es Salaam ilinionyesha sababu. Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, na iliyotaka sahani ya kuuza ilitazama Nairobi. Ndiyo maana muziki wa NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, na wa Mlimani Park, ile Sikinde iliyoanza 1978, uliishi kwanza hewani na katika kumbi, na baada ya hapo katika kanda za watu binafsi. Redio ilihifadhi mikanda yake. Wananchi nao, kila mmoja kwa kadiri ya betri alizoweza kununua, walihifadhi ya kwao.

Magomeni nilimtembelea mwalimu mstaafu mwenye santuri kubwa zilizosimamishwa wima kwenye kabati la vyombo. Anachosikiliza siku hizi ni Ukumbusho, mfululizo ambao Polygram ya Nairobi iliutoa kumkumbuka Mbaraka Mwinshehe baada ya ajali ya gari iliyomuua Mombasa, Januari 1979. Mbaraka alikuwa nyota wa Morogoro Jazz, bendi iliyopiga hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Ukumbusho ni nyimbo za santuri ndogo zilizokusanywa zikawa albamu, na mwalimu anaziheshimu sana, ila naye amefanya yake: ameandika kwa penseli nyuma ya majalada ni nyimbo zipi zisikilizwe kwa kufuatana, kutoka sahani gani kwenda ipi. "Ukitoka huku usiende pale," alinionya akiwa ameshika sindano ya gramafoni, "utamkosea Mbaraka." Tukafuata njia yake hadi magharibi. Katika wimbo wa tatu nilimsikia Mbaraka akiliacha gita lijibu swali aliloliuliza kwa mdomo, jambo ambalo nisingelitambua kama wimbo wa pili haungenitayarisha.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi. Kijana alinikaribisha: "Karibu, kaka. Zilipendwa zipo, taarabu ipo, unataka mchanganyiko au bendi moja moja?" Nikachagua mchanganyiko wa zilipendwa, na kwa muda mfupi nikawa na mamia ya nyimbo. Kazi yake ni ya maana. Bila vijana hawa madereva wa daladala wangesafiri kimya. Lakini nilipofungua flashi nilikuta jina la Mbaraka limewekwa juu ya sauti ya Marijani Rajab, na nyimbo nyingine zina namba tu. Mpiga gita hakutajwa, wala mtunzi, wala mwaka. Huo ndio upungufu mkubwa wa kupokezana kwetu. Tumeubeba muziki kwa upendo vizazi viwili au vitatu, na njiani tumewadondosha waliopiga. Mtoto wa mpiga besi anaweza kupanda daladala, akasikia vidole vya baba yake, asijue.

Nilipanda bodaboda kwenda Sinza kwa Remmy, kituo kinachobeba jina la Remmy Ongala kwa sababu aliishi hapo. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawika na Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Njia yake ya kwenda duniani ilianza na kanda iliyobebwa na rafiki hadi Uingereza, ikawafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD. Hatimaye akarekodi Songs for the Poor Man katika studio za Real World, albamu iliyotoka 1989. Mtu mmoja alimpa mwingine kanda, akamwambia sikiliza hii, na sauti ya Sinza ikavuka bahari.

Dereva wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alicheka niliposema nasikiliza Remmy. Si kwa dharau. Baba yake pia humsikiliza. Yeye siku hizi ni singeli. Alisimamisha pikipiki kivulini akaniwekea Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Mburahati uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kinanda kinapiga kelele, na juu yake kijana anamwaga mistari kuhusu kodi ya chumba. Nilikuwa nimezoea singeli ya kupita, ya spika za mtaani. Kuisikiliza kama albamu, wimbo baada ya wimbo, kulinionyesha kitu kingine: katika mbio ile kuna mpangilio, kuna mahali pa kupumua, na kuna ngoma za vigodoro nyuma ya kompyuta. Alikuwa amepewa na nani? "Na dada yangu, kaka. Yeye ndiye mchezaji nyumbani." Nami nikampa Black Star ya Tanga. Alisikiliza besi kwa makini, akaniambia wimbo ule ukiongezwa kasi utawafaa wa Mburahati. Ninaamini ni kweli.

Boti ya asubuhi ilinifikisha Unguja kabla jua halijawa kali. Katika jumba la zamani la forodha, Mizingani, ndipo kilipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, ambako wanafunzi hujifunza ganuni, udi na fidla madirisha yakiwa yameelekea bahari. Mwanafunzi mmoja wa ganuni aliniambia amebadilishana albamu na mwenzake wa fidla kwa mwezi mzima. Yeye ametoa Chungu, kazi ya mwaka 2013 ya Rajab Suleiman na kundi la Kithara, inayoiweka ganuni mbele na kuiacha iseme. Mwenzake amempa Siti of Unguja ya mwaka 2020, ambamo Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, anaziimba upya nyimbo za bibi huyo.

Tuliketi kizingitini tukaisikiliza nzima. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyetoka katika ufinyanzi na uuzaji wa vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki nzima. Sahani za wakati ule zilibeba dakika kama tatu kila upande. Wimbo uliozoea kujinyoosha usiku kucha mbele ya wasikilizaji ulilazimika kujikunja uenee. Katika albamu ya kitukuu, nyimbo zimefunguka tena: besi inatembea taratibu, udi unachukua nafasi yake, ukimya unaachwa ukae. Mwanafunzi alinionyesha mahali anapopapenda, ambapo mwimbaji anachelewesha neno hadi ngoma ipite kwanza. "Hapa miye husimama nikarudia," alisema. "Mwalimu wetu hapati kunifundisha hivi kwa maneno."

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila shabiki alifanye. Akatoa daftari na kuniandikia majina: nani kapiga ganuni katika Chungu, nani kaimba, nyimbo zipi ni za kale na nani alimfundisha yeye kuzitambua. Kijana wa umri wake ameshaona kwamba muziki unaopokewa bila majina ni urithi uliopungua, na ameamua kwamba kwake upungufu huo utakoma.

Nimetunga kanda yangu ya safari hii, na nimeitunga kwa kuwafuata walionipa. Upande A unafunguliwa na Zein arusini, pamoja na vigelegele vyake, kwa sababu ubeti unaorudiwa kwa ajili ya mtu aliyeinuka unamfundisha msikilizaji subira. Shakila na Black Star wanafuata, kisha Mbaraka kwa ule mpangilio wa penseli wa Magomeni. Upande B unaanza na Remmy, unaingia Sisso bila kupumzika, na unamalizika na Siti Muharam, kwa kuwa baada ya mbio zile ndipo sikio linapojua thamani ya neno lililocheleweshwa. Malako nimeiacha nje. Hiyo nilitoka nayo nyumbani, na nimeshaigawa kila kituo.

Ndani ya jalada nimeandika waimbaji, wapigaji, miaka na miji. Chini ya kila wimbo nimeongeza mstari wa aliyenipa: fundi cherehani wa Kibokoni, mama wa Ngamiani na marehemu mumewe, mwalimu wa Magomeni, dereva wa Sinza na dada yake, mwanafunzi wa Mizingani. Wao ni sehemu ya kazi hii sawasawa na aliyeshika gita. Ukinakili kanda hii, nakili na jalada lake, kisha uongeze jina la utakayempa.